Musa Hakuvuka Yordani

Somo la wiki. Someni kwanza: Kumbukumbu la Torati 3:23–28; Hesabu 20:2–12; 2 Samueli 14:14.



Sisi watu wa Moi's Bridge hatuhitaji kufundishwa maana ya kuchelewa. Mkulima wa huku hupanda mahindi mara moja kwa mwaka. Mbegu ya 614 hukaa shambani miezi sita na zaidi, kwa hivyo ukipitwa na mvua za Machi na Aprili kwa sababu mbolea haikufika, au trekta lilikuwa kwa jirani, au pesa zilienda hospitali, hakuna msimu wa pili wa kukungoja. Utapanda, ndiyo, lakini mahindi yako yatakuwa yanatoa mbelewele wakati ya jirani yanakauka. Na ile siku malori yanapanga foleni kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka, wewe unapita pembeni na baiskeli ukiangalia upande mwingine. Unaweza kupanda maharagwe baadaye, si vibaya. Lakini maharagwe si mahindi, na mwaka ule umeenda.

Jambo hilo tunalijua shambani. Tukiingia kanisani tunalisahau. Kule mbele kwenye mimbari hatupendi kabisa neno “haurudi”. Tunapenda kusema Mungu atakurudishia mara mbili, mara saba, jirani mwambie jirani yako. Nami nimehubiri hivyo, tena kwa sauti kubwa, kwa hivyo leo simnyoshei mtu kidole.

Mwaka 2017, viwavi jeshi vya aina ile mpya vilipoingia mashambani kwetu na Trans Nzoia kwa mara ya kwanza, nilihubiri Yoeli 2:25. Mnalijua andiko hilo. Mungu anawaahidi watu wake kwamba atawalipa miaka iliyoliwa na nzige na wale wadudu wengine anaowataja. Jumapili ile kanisa lilisimama. Watu walipiga makofi, wengine walilia, na mimi nikajiona nimehubiri. Baada ya ibada nilikuwa mlangoni nikisalimia washirika, mama mmoja akanishika mkono na hakuuachilia. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amemzika binti yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mchungaji, na mimi nitarudishiwa nini?”

Nikamwambia tutaomba. Hilo ndilo jibu tunalotoa tukiwa hatuna jibu.

Nilirudi nyumbani nikamsoma Yoeli tena, safari hii bila haraka. Aya ya 23 inataja mvua. Aya ya 24 inataja sakafu za kupuria zikijaa ngano na mashinikizo yakifurika divai na mafuta. Yaani miaka ile ililiwa chakula, na Mungu anaahidi chakula. Ghala lililokuwa tupu atalijaza. Hasemi kwamba mwaka ulioliwa utapandwa upya, wala hasemi kwamba mzee aliyekufa kwa njaa ya nzige atakaa tena mezani. Ahadi ni ya kweli, na ni yetu pia. Kosa langu lilikuwa kuchukua ahadi ya mahindi na kuifunga kama bandeji juu ya kila kidonda kilichokuwa kanisani siku hiyo.

Sasa njooni kwa Musa.

Katika Kumbukumbu 3 Musa anasimulia ombi lake mwenyewe, na ni ombi zuri. Anaanza kwa kumsifu Mungu kwa ukuu wake, kama tunavyofundishwa. Halafu anaomba jambo moja tu: avuke, aione ile nchi nzuri ng'ambo ya Yordani. Si ombi la tamaa. Huyu mtu ametembea na watu wagumu jangwani miaka 40. Amewaombea waliponung'unika, amewaombea walipoabudu ndama. Kama kuna mtumishi aliyestahili kuvuka mto ule, ni yeye. Na Mungu alimkatalia. Zaidi ya kumkatalia, alimwambia imetosha, asizungumze naye tena habari hiyo. Apande juu ya Pisga, aangalie pande zote nne kwa macho, kwa maana hatavuka.

Wapendwa, ni lini mara ya mwisho mlisikia hilo likihubiriwa kwa mkutano wa injili pale uwanjani? Tumesikia juu ya Hana aliyepewa mtoto na kipofu aliyeona. Musa wa Kumbukumbu 3 aliomba kwa imani na akaambiwa anyamaze.

Kuna watumishi wakifika hapa huruka upesi hadi Mathayo 17, kwamba Musa alionekana mlimani pamoja na Yesu, kwa hivyo mwishowe aliingia. Ni kweli alionekana, na ni jambo la kushangilia. Lakini Musa aliyesimama Pisga hakuwa na Mathayo mkononi. Alikuwa na umri wa miaka 120, macho yake hayajafifia (Kumb. 34:7), na mbele yake Yeriko ilionekana wazi. Macho mazuri nayo huumiza. Afadhali asiyeona.

Angalieni pia jambo lingine ambalo mimi sikuliona kwa miaka mingi. Kwa nini Musa hakuvuka? Ukisoma Hesabu 20, Mungu anasema ni kwa sababu Musa na Haruni hawakumwamini pale Meriba. Aliambiwa auambie mwamba, yeye akaupiga mara mbili. Lakini Musa mwenyewe akisimulia katika Kumbukumbu, anasema Bwana alikasirika naye kwa ajili ya watu. Anasema hivyo 1:37, anarudia 3:26, anarudia tena 4:21. Mara tatu katika sura nne za kwanza! Mtume mkubwa hivyo, na bado anakumbuka nani alimharibia.

Simlaumu. Hao watu kweli walimchokoza. Na fimbo kweli ilikuwa mkononi mwake. Hasara nyingi za maisha ziko hivyo, ukitafuta mwenye makosa unapata zaidi ya mmoja, na mmoja wao ana sura yako.

Wacha nilete yangu, ili nisihubiri ya Musa tu.

Mwaka ule ule wa viwavi, mimi na ndugu yangu mkubwa tulikuwa hatusalimiani. Ilikuwa mwaka wa pili. Yeye alikuwa akiishi upande wa Bungoma na familia yake, mimi nimebaki hapa nyumbani, na kati yetu kulikuwa na eka mbili za baba zilizo karibu na barabara. Kila mmoja alikuwa na shahidi wake kuhusu alichosema mzee kabla ya kufa. Hadithi hiyo mnaijua, iko karibu kila boma.

Ijumaa moja tulikuwa na kesha. Saa tano na kitu usiku simu ikatetemeka mfukoni. Nikaangalia, ni yeye. Nilikuwa naongoza maombi, na ningependa kuwaambia kwamba niliiacha kwa sababu ya maombi. Niliiacha kwa sababu moyo wangu ulisema, “Leo ndio amekumbuka ana ndugu?” Ikatetemeka tena. Nikaizima. Tena kama nakumbuka vizuri, wakati huo tulikuwa tunaombea familia.

Asubuhi nililala kidogo. Mchana nikaenda kunyunyizia mahindi dawa. Saa kumi jioni, nikiwa nimekaa chini ya mti nimechoka, nikapiga. Shemeji ndiye aliyepokea. Ndugu yangu alikuwa amefariki alfajiri. Kifua kilimbana usiku, na hadi gari lipatikane la kumpeleka hospitali, haikuwezekana.

Nilipofika matanga nikakuta dirishani pa sebule chupa mbili za dawa ya viwavi, hazijafunguliwa. Ndugu yangu hakuwa na mahindi zaidi ya robo eka. Kama chupa moja ilikuwa yangu, sijui. Shemeji naye hakujua. Sitawajengea fundisho juu ya chupa. Nawaambia tu kwamba niliziona.

Watu walinifariji. Wengine walisema Mungu ana makusudi, wengine walisema siku zake zilikuwa zimetimia. Hata mimi nimewaambia wengine maneno hayo. Yalipita juu yangu kama maji juu ya jani la nduma. Kilichokuwa kichwani mwangu ni zile simu mbili, na zile nyakati mbili za sarufi tulizofundishwa darasani: ningepokea, ningalipokea.

Hapo ndipo 2 Samueli 14:14 iliponikamata. Yule mwanamke wa Tekoa anamwambia mfalme Daudi kwamba sisi sote tutakufa, nasi tuko kama maji yaliyomwagika chini yasiyoweza kuzolewa tena. Wazee wetu wana methali hiyo hiyo: maji yakimwagika hayazoleki. Nilidhani ni ya Waswahili, kumbe imo ndani ya Biblia, tena haijakanushwa. Mwanamke yule hasemi kwamba Mungu atayazoa. Katika aya hiyo hiyo anaendelea kusema kwamba Mungu hutafuta njia ili yule aliyefukuzwa asibaki amefukuzwa. Alikuwa akimtetea Absalomu aliyekuwa uhamishoni. Amnoni alikuwa amekufa, hakuna wa kumrudisha. Absalomu alikuwa bado hai, na Daudi alikuwa anamfungia mlango aliye hai. (Mambo ya Absalomu baadaye hayakuenda vizuri, najua. Somo la siku nyingine.)

Nami nilikuwa nafanya vivyo hivyo. Baada ya mazishi sikukanyaga Bungoma mwaka mzima. Nilituma pesa kwa simu, ndiyo. Lakini shemeji alikuwa kule na watoto, na kijana wa kwanza alikuwa kidato cha pili, na mimi baba mdogo wake nilikuwa hapa najutia. Majuto yangu yalionekana kama unyenyekevu. Nilifunga, nililia, washirika waliniona mtu wa Mungu. Ukweli ni kwamba nilikuwa najificha.

Hapa nataka tutoke kidogo shambani twende kwenye riadha, kwa sababu mkoa wetu ni wa wakimbiaji, na kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yananisaidia kusoma habari ya Musa.

Februari 2024 tuliwapoteza wanariadha wawili ndani ya siku nne. Tarehe 11 usiku, Kelvin Kiptum alifariki katika ajali kwenye barabara ya Eldoret na Kaptagat, yeye na kocha wake Gervais Hakizimana kutoka Rwanda. Kiptum alikuwa na miaka 24. Miezi minne tu iliyotangulia alikuwa amekimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, sekunde 35, rekodi ya dunia, na Aprili alikuwa aende Rotterdam. Tulilia wote, hata wasiojua marathoni ni kilomita ngapi.

Tarehe 15, mwezi huo huo, akafariki mzee Henry Rono, Nairobi, akiwa na miaka 72. Kilio cha Kiptum kilikuwa kikubwa hata wengi hawakusikia cha Rono. Vijana wengi hawamjui kabisa. Mwaka 1978, kati ya Aprili na Juni, mtu huyu wa Nandi aliweka rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Mbio nne tofauti. Mwaka huo huo akashinda dhahabu mbili kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton.

Sasa tafuta jina lake kwenye Olimpiki. Halipo. Mwaka 1976 alikuwa amechaguliwa kwenda Montreal, lakini Kenya ikajiondoa pamoja na nchi nyingine za Afrika kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow, kwa sababu ya Warusi kuingia Afghanistan. Raga hakucheza, Afghanistan hakuvamia. Mara ya kwanza sababu ilikuwa nzuri, na bado ni yeye aliyelipa. Ilipofika 1984, miguu ile haikuwa miguu ile tena.

Na hapo inaingia sehemu yake mwenyewe. Pombe. Rono alikunywa hata mbio zikaisha, pesa zikaisha, akawa Marekani hana nyumba. Aliyevunja rekodi nne aliosha magari ya watu na kubeba mizigo ya wasafiri uwanja wa ndege. Milango miwili alifungiwa na wengine, halafu mingi akaifunga yeye. Sawa na Musa: watu walimchokoza, na fimbo ilikuwa yake.

Lakini hakufia hapo. Aliacha pombe. Huko Albuquerque, jimbo la New Mexico, akawa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu na mkufunzi wa wakimbiaji wachanga. Mwaka 2019 akarudi Kenya baada ya miaka zaidi ya 30. Medali ya Olimpiki hakupewa hadi akafa. Hakuna mtu angeweza kumpa. Mbio za Montreal zilikwisha mwaka 1976.

Sasa rudini kwenye andiko letu, aya ya 28, ambayo wengi huishia kabla ya kuifikia. Mungu hakumwacha Musa na “hapana” peke yake. Pumzi ile ile aliyomkatalia, alimpa kazi: amwandae Yoshua na kumwimarisha, kwa sababu Yoshua ndiye atakayevuka na watu hawa.

Hebu fikiria uchungu wa kazi hiyo. Kumfundisha mwingine aingie mahali ulipopaota miaka 40. Kumwonyesha njia, kumwambia mito iko wapi, kumtia moyo asiogope, ukijua jioni yeye atapiga hema ng'ambo na wewe utabaki upande huu. Musa angeweza kukataa. Angeweza kukaa juu ya Pisga akiangalia tu. Badala yake alifundisha, na kitabu chote cha Kumbukumbu, kuanzia sura ya kwanza, ni maneno ya mtu aliyeambiwa hatavuka. Amri za kupenda Mungu kwa moyo wote zimo humo. Za yatima na mjane zimo humo. Na Yesu alipojaribiwa jangwani siku zile 40, majibu yote matatu aliyompa Shetani aliyatoa kitabu hicho hicho, sura ya 8 na ya 6. Nikifikiria kwamba maneno hayo yalisemwa upande huu wa mto, na mtu ambaye ombi lake lilikataliwa, nanyamaza.

Sisi tunavuka Nzoia kwenda Kitale kila siku, bila hata kuangalia maji. Abiria anachati, makanga anadai nauli, daraja limepita. Wakati mwingine nikiwa kwenye matatu huwa nafungua dirisha hapo darajani. Ni kumkumbuka tu yule mzee.

Yoshua wangu alikuwa kule Bungoma, kidato cha pili. Nilienda mwaka uliofuata. Sikuenda na hotuba. Nilimweleza shemeji na yule kijana kuhusu zile simu mbili, kwamba nilijua ni yeye na nikazima. Kijana alitoka nje akakaa muda mrefu. Sikumfuata. Hakunisamehe siku hiyo, na sikumwomba anisamehe siku hiyo. Mwaka mwingine akaja likizo hapa nyumbani tukapanda pamoja. Zile eka mbili nimeziandika jina lake mbele ya chifu na wazee, na sasa ndiye anayezilima. Ananiuliza mambo ya mbegu, mimi namwuliza mambo ya simu. Wakati mwingine akicheka nasikia sauti ya baba yake, na siku hiyo sili vizuri.

Eka hazijajibu simu ile. Nawaambia hivyo ili mtu asitoke hapa akidhani kuna malipo ambayo ukiyalipa, ningalipokea inageuka kuwa nilipokea.

Na yule mama wa mlangoni nilimrudia. Nilimwambia Neno halimwahidi kwamba atarudishiwa binti yake hapa Moi's Bridge, linamwahidi ufufuo, kama Martha alivyojua kabla Yesu hajamfungulia kaburi la Lazaro. Akaniangalia akasema, “Hiyo nilikuwa najua, Mchungaji. Nilitaka tu usiniambie ni kama mahindi.”

Kwa ushirika wa nyumbani Jumatano: someni Kumbukumbu 3 kwa sauti hadi mwisho wa sura. Yeyote anayetaka, na asilazimishwe mtu, ataje jambo moja la maisha yake ambalo anajua halitarudi. Wengine wasimjibu kwa andiko wala kwa ushuhuda wao; msikilizeni tu, na kiongozi wa kundi alinde hilo. Halafu kila mmoja aseme Yoshua wake ni nani na yuko wapi. Kama ni mtu wa kupigiwa simu, apigiwe hapo hapo kabla ya chai, na wenye nyumba wavumilie chai ikipoa.